Weka ramani ya mafuriko juu ya ramani ya matangi

Ofisi nyingi za jiji zina majalada mawili. Moja limeandikwa "Maafa", na ndani yake mna mafuriko, tetemeko, dhoruba na maporomoko. La pili limeandikwa "Kemikali", nalo liko kwa mtu mwingine, ghorofa nyingine, na hao wawili hukutana kwenye ngazi wakasalimiana, basi. Kama umekabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa dharura wa jiji, waweke hao wawili meza moja kabla hujaandika hata kichwa cha habari. Nasema hivi kama mtu aliyeanzia zimamoto, aliyevuta mpira wa maji kwanza ndipo akashika kalamu: maji yakipanda hayaulizi hii ni idara ya nani.

Tazama Accra, tarehe 3 Juni 2015. Mvua ilinyesha mpaka mitaa ikajaa, watu wakakimbilia kujikinga kwenye kituo cha mafuta, mafuta yakaelea juu ya maji, yakapata moto. Waliokufa walizidi 150. Sasa hilo liingie jalada gani, la mafuriko au la mafuta?

Miaka miwili baadaye, Agosti 2017, kimbunga Harvey kilimwaga mvua Texas. Katika mji wa Crosby kilikuwepo kiwanda kinachotunza peroksidi za aina ambayo lazima ikae kwenye baridi. Ikipata joto huanza kuchemka yenyewe, kisha huwaka. Mafuriko yalikata umeme na kuzifikia jenereta za akiba. Wafanyakazi wakahamishia kemikali kwenye matrela ya friji, nayo maji yakayafikia. Kilichobaki ni kuwaondoa watu waliokuwa ndani ya kilomita 2.4 kuzunguka kiwanda, kisha kungoja ziwake. Ziliwaka. Kiwanda hicho hakikukosa vifaa vya akiba. Tatizo ni kwamba kila kilichowekwa akiba kilikuwa mahali ambapo maji yale yale yangefika.

Mwongozo huu wote ni wa kutafuta mahali kama hapo ndani ya jiji lako, kabla mvua haijapatafuta.

Anza na orodha, na uifuate kwa miguu

Mpango wa jiji husimama juu ya orodha moja: kuna nini, kiasi gani, wapi hasa, na nani ana funguo. Usipokuwa nayo, ulichonacho ni maneno mazuri yaliyofungwa kwenye jalada gumu.

Kwanza muulize mwanasheria wa jiji ni sheria ipi inayokupa haki ya kuingia na kuuliza. Nchi nyingi zinayo, na nyingi ziliipata kwa machozi. Ulaya ilitunga kanuni zake mwaka 1982, zikaitwa kwa jina la Seveso, mji wa Italia uliofunikwa na wingu lenye dioksini, sumu kali, lililotoka kiwandani Julai 1976. Marekani ilipitisha sheria yake ya haki ya kujua mwaka 1986, baada ya Bhopal, mji wa India ambako gesi ya sumu ilivuja kiwandani. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, likaanzisha mpango wa APELL mwaka 1988 kuzisaidia jamii zinazoishi jirani na viwanda zijiandae. Kama kwako hakuna sheria kali, tumia leseni: biashara isihuishiwe leseni mpaka fomu ya kemikali iwe imejazwa. Njia hiyo inashinda barua za kuomba ushirikiano, hata ziwe na mihuri mingi kiasi gani. Fomu yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Fomu ya kurasa sita huzaa uongo.

Halafu nenda ukaone kwa macho. Fomu hujazwa na meneja, lakini anayelijua ghala ni mtunza stoo. Mtunza stoo ndiye atakayekwambia kwamba yale mapipa ya bluu kule nyuma ni ya mteja aliyefilisika, hayana karatasi, na kila mwaka yanasogezwa kupisha mzigo mwingine. Meneja hakuyaandika kwa sababu kwenye vitabu vyake hayapo. Mimi nikifika ghalani huomba nitembezwe na mtu mwenye mikono michafu, na huwa siondoki mpaka nimeona kona ya mwisho.

Mapipa yasiyo na mwenyewe si jambo dogo. Meli iliyofika Beirut mwaka 2013 ikiwa na amoniamu naitreti, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, haikuondoka tena na mzigo wake. Tani 2,750 ziliingizwa ghala namba 12 la bandari mwaka uliofuata, zikakaa humo mpaka zilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020. Barua kuhusu mzigo huo zilikuwepo. Ziliandikwa, zikazunguka maofisini na mahakamani, ila hazikufika kwenye gari la zimamoto. Kikosi cha watu 10 kilitumwa kuzima moto wa ghala pasipo kuambiwa kilichomo ndani, na wote walikufa. Jumla ya vifo ilizidi 200. Kila unapoandika mstari kwenye orodha yako, jiulize: dereva wa gari la zimamoto ataupataje mstari huu akiwa njiani?

Usitafute viwandani peke yake. Mtambo wa kusafisha maji ya jiji huwa na klorini. Vyumba vikubwa vya baridi vya samaki, nyama na maziwa, na viwanja vya barafu, hutumia amonia. Bwawa la kuogelea lina dawa ya klorini, na mara nyingi ndoo ya asidi imewekwa rafu hiyo hiyo. Vitu hivyo viwili vikimwagika pamoja hutoa gesi ya klorini. Maduka ya pembejeo yana mbolea na viuatilifu. Hospitali zina oksijeni, dawa za kuua vijidudu na vyanzo vya mionzi. Maabara za shule zina chupa za zamani ambazo mwalimu wa sasa hakuzikuta na maelezo. Bandari na stesheni za reli za mizigo ni sura nzima peke yake.

Kwa kila mahali andika jina la kemikali na namba yake ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne, chombo ilimokaa, hali yake (gesi, kimiminika, unga), kitu isichopatana nacho, na majina ya watu wawili wanaoweza kufungua geti usiku. Kiasi uandike kile cha juu kabisa kinachoweza kuwepo, maana wastani haumsaidii mtu siku stoo imejaa hadi mlangoni. Omba pia ile karatasi ya usalama inayokuja na kila kemikali, uisome sehemu ya moto na sehemu ya kumwagika. Zilizobaki utazirudia baadaye.

Vilivyo barabarani ni vigumu zaidi kwa sababu havina anwani. Hapa dawa ni kusimama. Weka watu kwenye makutano makubwa mchana na usiku, wanakili vibao vya rangi ya chungwa vilivyobandikwa kwenye malori ya tangi. Kibao cha kawaida kina namba mbili: ya juu inasema hatari ni ya aina gani, ya chini inasema ni kitu gani. 1203 ni petroli. 1075 ni gesi ya kupikia. 1005 ni amonia, 1017 ni klorini. Namba ya juu ikianza na herufi X, kitu hicho hugombana na maji, na zimamoto wasikifikie na mpira kabla ya kuuliza wataalamu. Baada ya wiki chache za kunakili utajua ni barabara zipi zinabeba nini, na saa ngapi. Mara nyingi jibu litakushtua: lori la klorini linapita mbele ya shule saa ya watoto kutoka, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia dereva apite kwingine. Na usisahau reli. Huko Lac-Mégantic, Canada, Julai 2013, treni ya mafuta ghafi iliyoegeshwa usiku juu ya mlima bila mtu ndani iliserereka hadi katikati ya mji, ikaua watu 47.

Ramani juu ya ramani

Sasa chukua ramani ya hatari za asili. Kama jiji linayo ya kitaalamu, vizuri. Kama halina, itengeneze kwa kuuliza: wazee wa kila mtaa wanaonyesha alama ya maji ukutani, wahandisi wa barabara wanajua kalavati zinazoziba, wanajiolojia wanajua udongo laini unaotikisika kuliko mwamba. Chora maji ya juu kabisa yaliyowahi kukumbukwa, kisha ongeza. Tazama pia juu ya mto. Septemba 2023 mji wa Derna, Libya, haukuangamizwa na mvua iliyonyesha mjini peke yake. Mabwawa mawili yaliyokuwa juu ya bonde yalipasuka usiku, maji yote yakashuka kwa mkupuo. Bwawa lililo nje ya mipaka ya jiji lako ni lako pia.

Ichapishe ramani hiyo kwenye karatasi inayopenyesha mwanga, uilaze juu ya ramani ya matangi na maghala. Kompyuta hufanya vizuri zaidi, lakini mimi napenda karatasi kwa sababu mkuu wa jiji anaweza kuweka kidole juu yake, na akishaweka kidole huanza kuuliza. Kila nukta ya kemikali inayoangukia ndani ya rangi ya hatari inahitaji majibu.

Maji yakifika hapa, tangi litaelea? Watu wengi hudhani tangi lililojaa haliwezi kunyanyuka. Petroli ni nyepesi kuliko maji, takriban kilo 750 kwa mita moja ya ujazo, wakati maji ni kilo 1,000. Kwa hiyo hata tangi lililojaa petroli linaweza kung'oka kama halijafungwa kwenye zege, na likiwa tupu ndiyo kabisa. Likielea, hukata mabomba yake lenyewe, na hapo ndipo mafuta humwagika. Dai vifungo, na vali inayojifunga bomba likikatika.

Umeme ukikatika, nini kinaharibika, na baada ya saa ngapi? Peroksidi za Crosby zilikuwa na saa zake. Jenereta ya akiba iko wapi? Ukiambiwa "chini, kwenye basementi", simama hapo hapo. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, Machi 2011, tsunami ilizamisha jenereta nyingi zilizowekwa chini ya majengo, na vinu vikakosa kitu cha kuvipoza.

Ardhi ikitikisika, maji ya kuzimia moto yatatoka wapi? Swali hili husahauliwa kuliko yote, na kwa mtu wa zimamoto ndilo linaloumiza. San Francisco, Aprili 1906: tetemeko lilivunja mabomba ya maji, na moto ukala jiji kwa siku kadhaa huku wazimamoto wakiwa na mipira mikavu. Jiji hilo baadaye lilijenga mtandao wa pili wa maji ya zimamoto na visima vya akiba chini ya barabara. Uturuki, tarehe 17 Agosti 1999, tetemeko la Izmit liliwasha moto kwenye matangi ya kiwanda cha kusafishia mafuta, na bomba lililokiletea maji nalo likavunjika. Moto uliwaka siku kadhaa. Kwa hiyo weka kwenye ramani kila bwawa, ziwa, mto na kisima ambacho gari la zimamoto linaweza kufyonza maji, na upeleke gari ukajaribu. Kuna bwawa zuri nililowahi kuonyeshwa kwenye mpango wa mtu. Gari lilipofika, njia ya kulifikia ilikuwa na ngazi.

Maji yaliyozima moto yataenda wapi? Novemba 1986, ghala la viuatilifu liliungua karibu na Basel, Uswisi. Moto ulizimwa, lakini maji ya kuuzimia yalisomba sumu hadi mto Rhine, na samaki wakafa umbali wa mamia ya kilomita kuteremka mto. Ghala lenye sumu linahitaji ukuta mfupi wa kuzuia maji, mfereji wenye lango la kufunga, na mtu anayejua lango liko wapi. Wakati mwingine uamuzi sahihi ni kuuacha moto uishe wenyewe. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya mbele ya kamera, ndiyo maana unapaswa kuandikwa kabla.

Nani anaamua saa nane za usiku

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na eneo la tukio ni zizi dogo. Mpango utaje kwa cheo nani anaongoza pale pale kwenye tukio, na nani anakaa kwenye chumba cha uratibu kutafuta mabasi, vyakula na madaktari. Wa kwanza anaamua kuhusu moto na sumu. Wa pili anamtafutia anachohitaji, na hapaswi kumpigia kila baada ya dakika tano kumuuliza hali ikoje. Kila cheo kiwe na mbadala wawili. Halafu andika kwa maneno yasiyo na kona kwamba kiongozi wa tukio anaweza kufunga barabara, kuamuru watu wahame na kukodi mitambo bila kusubiri saini. Mipango mingi hukwama hapa. Imeandikwa vizuri, ila aliye kwenye tukio saa nane za usiku hana mamlaka ya kukodi hata greda.

Kwa kemikali, dakika za kwanza zina kanuni zake, na zinafaa kufundishwa hata kwa polisi wa barabarani, kwa sababu wao hufika mwanzo. Fika ukitokea upande upepo unakotoka, na upande wa juu kama kuna mteremko. Simama mbali, soma kibao kwa darubini. Ukiwa hujui ni kitu gani, mwongozo wa dharura unaotumiwa Marekani, Canada na Mexico unataka watu wasogezwe angalau mita 100 pande zote. Lori la tangi la petroli likishika moto ni mita 800. La gesi ya kupikia ni mita 1,600, kwa sababu tangi la gesi likipashwa moto kutoka nje linaweza kupasuka lote kwa pamoja na kurusha vipande vya chuma mbali sana. Tembea mita 1,600 kutoka depo ya gesi iliyo karibu nawe uone utakuta nini njiani. Ndipo utaelewa kwa nini nasisitiza ramani.

Eneo la tukio ligawanywe sehemu tatu: ndani kabisa wanaingia wenye mavazi ya kinga peke yao, katikati ni mahali pa kuvua na kuosha, nje ni salama, wako madaktari na viongozi. Hakuna anayepita kutoka ndani kwenda nje bila kuoshwa. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu iliyomwagikia mtu, kwa hiyo weka mablanketi na vitenge vya kutosha kwenye gari. Mtu hatavua mbele ya umati akiwa hana cha kujistiri, na wala usimlaumu.

Hospitali ijulishwe jina la kemikali kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Bhopal, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za methili isosaineti zilivuja, na maelfu ya watu wakafika hospitalini wakiwa hawaoni na hawapumui vizuri, huku madaktari hawajui wanapambana na gesi gani. Weka simu ya moja kwa moja kati ya kiongozi wa tukio na chumba cha dharura, na ndani ya mpango utaje nani anapiga.

Kukimbia au kujifungia

Hapa ndipo wananchi hupotea, na viongozi pia. Wazo la kwanza la kila mtu ni kukimbia. Kwa mafuriko, tsunami na moto wa msituni, kuondoka mapema ni sawa. Kwa wingu la gesi linalopita kwa nusu saa, mara nyingi ni salama zaidi kuingia ndani. Walio barabarani wanavuta gesi huku wakihema kwa nguvu, na msongamano wa magari huwasimamisha katikati ya wingu.

Klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa. Hushuka, hujaza mitaro, basementi na mabonde. Kwa hiyo wa klorini waambie wapande ghorofa ya juu. Gesi ya kupikia nayo ni nzito, hutambaa chini hadi ikutane na jiko la mtu. Amonia kwa kawaida ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikitoka kwa wingi kwenye tangi hutoka na baridi kali, ikatengeneza ukungu mzito unaokaa chini kwanza kabla ya kupanda. Hapa mpango wa jiji uwe na jedwali dogo: kemikali tano au sita kubwa za jiji lako, na kwa kila moja, watu wahame au wajifungie, wapande au wasipande.

Wakijifungia, wafunge milango na madirisha, wazime feni na viyoyozi, waweke nguo zenye unyevu kwenye nyufa, na wakae mbali na vioo. Hilo la vioo lina historia. Halifax, Canada, tarehe 6 Desemba 1917, meli iliyobeba baruti na milipuko mingine iliwaka bandarini na watu wakasogea madirishani kutazama. Ilipolipuka, mbali na karibu 2,000 waliokufa, wengi walipoteza macho kwa vipande vya vioo. Siku hizi watu hutazama huku wameinua simu, na vioo ni vile vile. Wingu likishapita, waambieni wafungue madirisha na watoke nje, kwa sababu gesi iliyopenya ndani hubaki humo. Tangazo la mwisho husahaulika kila mara.

Matangazo yaandikwe leo, yaachwe nafasi za kujaza. Tangazo zuri lina mambo manne: kuna nini, ni wapi, fanya nini, na lini utasikia tena. Mfano wangu ni huu: "Gesi ya klorini imevuja kwenye mtambo wa maji. Mlio kati ya reli na mto, ingieni ndani sasa. Fungeni milango na madirisha, zimeni feni na viyoyozi, pandeni ghorofa ya juu. Msitoke kuangalia. Tangazo lijalo saa nne na nusu." Hakuna "wananchi mnaombwa kuwa watulivu". Anayeambiwa atulie bila kuambiwa afanye nini hatulii.

Usitegemee njia moja ya kutangaza. Simu huzidiwa, umeme hukatika, redio haisikiki kwa aliyelala. Bangladesh, ilipokuwa bado Pakistan Mashariki, ilipoteza mamia ya maelfu ya watu kwenye kimbunga cha Novemba 1970. Baadaye ilijenga jeshi la wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti, bendera na baiskeli, pamoja na majengo ya kukimbilia. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na vifo vya nchi hiyo vikahesabika kwa makumi. Setilaiti zilisaidia, bila shaka, lakini aliyegonga mlango ni jirani. Kobe, Japani, nako, baada ya tetemeko la Januari 1995, wengi waliotolewa kwenye kifusi wakiwa hai walitolewa na ndugu na majirani. Kwa hiyo kila mtaa uwe na watu wanaojulikana, wenye mtarimbo, kamba, kipaza sauti na orodha ya wasioweza kutoka wenyewe: asiyesikia, asiyeona, mama aliyejifungua juzi, mgonjwa anayetegemea oksijeni. Magereza na hospitali ziwe na mipango yao, na ukague kwamba zote hazijakodi mabasi yale yale. Nimewahi kuikuta kampuni moja ya mabasi imeahidiwa kwenye mipango minne.

Umbali

Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza vifo ni kutoruhusu nyumba zisogelee tangi, au tangi lisogelee nyumba. Ni rahisi kuiandika, ila kuilinda ni vita. Tianjin, China, Agosti 2015, ghala la kemikali lililipuka na kuua watu 173 pamoja na waliopotea, zaidi ya nusu wakiwa wazimamoto. Maghorofa ya makazi yalikuwa karibu kuliko kilomita 1 iliyotakiwa na kanuni. Kanuni ilikuwepo, vibali vikatoka hata hivyo. Peleka ramani yako kwa wanaotoa vibali vya ujenzi, na udai kwamba kibali chochote ndani ya duara kipite mezani kwako. Watachukia, lakini usiliondoe dai hilo.

Zoezi

Zoezi la mezani linatosha kuanzia. Kusanya wahusika, weka ramani, soma hali, uliza kila mmoja anafanya nini, kisha uharibu mambo: mtandao wa simu umekufa, mkuu wa zimamoto yuko safarini, upepo umegeuka na chumba cha uratibu sasa kiko upande wa moshi, mwandishi wa habari yuko mlangoni. Piga zile namba za geti mbele ya watu wote, usiku, bila taarifa. Utastaajabu ni ngapi zinaita bila kupokelewa, na moja itapokelewa na mtu aliyeacha kazi zamani. Kila kasoro iandikwe na jina la atakayeirekebisha pamoja na tarehe. Zoezi la uwanjani lenye magari na ving'ora lifuate baadaye. Wageni waalikwa hulipenda, ila kwangu lina nusu tu ya uzito wa lile la mezani.

Maji yakishapungua

Mafuriko yakiondoka huacha mitungi na mapipa mahali pasipo pake: kwenye shamba la mtu, chini ya daraja, uwanjani kwa watoto. Lebo zimetoka. Wauza chuma chakavu huwahi kufika kabla yako. Mpango useme tangu sasa nani anapokea taarifa, nani analinda, na kwamba hakuna anayebeba wala kugonga mpaka mwenye ujuzi afike. Tenga kiwanja cha taka za aina hiyo mbali na visima vya maji, na tenga kingine cha kifusi, kwa sababu mabati ya zamani ya asibesto hayachanganywi na matofali. Kampuni ya kusafirisha na kuteketeza sumu itafutwe na kusainishwa mkataba wakati wa kiangazi. Ikitafutwa baada ya mafuriko, miji yote ya jirani itakuwa inaipigia simu siku hiyo hiyo.